Dawa ya Minyoo Kabla ya Safari

Huko Highview, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani, Warundi wachache sana humwita Jovini kwa jina lake. Wengi humwita Daktari wa Minyoo, na mgeni anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtu huyu aliwahi kufanya kazi katika zahanati. Hajawahi. Anaendesha foklifti katika ghala la bidhaa, na jina lake lilitokana na magari.

Jirani yake mmoja alikuwa na gari lililozeeka, ambalo injini yake iligongagonga kila asubuhi kama mtu anayetwanga. Jovini alifungua kifuniko cha kutilia oili, akachungulia, akaona utando mweusi mzito mfano wa ukoko wa uji chunguni. "Gari hili haliumwi," akasema. "Lina minyoo. Lipe dawa." Akaenda duka la vipuri akaleta chupa ya kusafishia injini, ile aina ya taratibu ambayo huchanganywa na oili na kuachwa humo, gari likiendelea na shughuli zake, mpaka siku ya kumwaga oili ifike. Siku hiyo ilipofika, oili ilitoka nyeusi kama lami, na mlio ulikuwa umepungua. Tangu hapo watu walianza kumletea magari yao makuukuu, naye akawa anachungulia, anatikisa kichwa na kutaja dozi.

Waliokulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma, Mtabila au Nyarugusu, hawakuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Walizikumbuka foleni za watoto waliosubiri kidonge. Zaidi ya hayo, walikumbuka dawa ya mwisho kabisa: siku chache kabla ya kupanda ndege kuja Marekani, kila mmoja alimeza dawa ya minyoo mbele ya muuguzi, mkubwa kwa mdogo. Katika fikra za Jovini mambo hayo mawili, dawa ya minyoo na safari ndefu, yaliungana yasitengane tena. Huo ndio uliokuwa mzizi wa yote yaliyompata mwezi Juni.

Mwezi huo Gaju, binti wa marehemu kaka yake Aloisi, alikuwa anaposwa huko Buffalo. Kwa desturi yao, baba wa binti akiwa hayupo, mdogo wake ndiye anayekaa kiti cha mbele na kuwajibu wageni. Si kazi ya kutikisa kichwa tu. Msemaji hujifanya hajui wageni wamefuata nini, huwauliza kama wamepotea njia, huwatania mpaka jasho liwatoke, na mwishoni hutamka neno la ukoo. Jovini alikuwa hajawahi kupewa kiti hicho. Gaju alimpigia simu mwenyewe.

"Baba mdogo, utakuja?"

"Nani mwingine atakuja?"

"Basi panda basi Ijumaa. Lile gari lako silo la kuja nalo huku."

"Na bibi yako Veridiana nimwache Columbus na vikapu vyake? Nitakuja na gari."

Gari lenyewe ni la familia, lenye viti vya safu tatu, na lilikuwa limekwenda maili zaidi ya laki mbili kabla hata hajalinunua. Ijumaa jioni, alipotoka kazini, Jovini alipitia duka la vipuri kulinunulia dawa yake ya kawaida. Rafu ilikuwa tupu. Pembeni yake palikuwa na chupa nyingine, ndogo, ya haraka. Akaichukua.

Yafaa kueleza hapa tofauti ya chupa hizo mbili. Ile ya taratibu huumumunya uchafu kidogo kidogo, na filta hupata nafasi ya kuukamata. Hii ya haraka ni kali. Hutiwa injini ikiwa ya moto, gari likaachwa lingurume dakika chache papo hapo lilipo, kisha oili yote ikamwagwa pamoja na uchafu uliobanduka, na filta ikabadilishwa. Kuendesha gari huku dawa ile ikiwa ndani ni kuibandua takataka na kuiacha itembee itakako. Katika injini iliyosafishwa vizuri tangu ujana wake, hatari ni ndogo. Katika injini kongwe, ambayo uchafu wake umeganda kwa miaka, hatari ni kubwa.

Generoza, mke wake, anayehudumia wazee na amezoea kusoma maandishi madogo ya chupa, aliisogeza ile chupa karibu na dirisha.

"Hapa wamesema uimwage oili mara moja. Wamesema usiliendeshe."

"Nitaimwaga Buffalo."

"Hawakuandika Buffalo."

"Mama, sisi tulimeza dawa Kigoma, tukapanda ndege. Nani alituzuia?"

"Sisi tuna matumbo. Lile lina vyuma."

"Ndiyo maana linahitaji dawa kali zaidi," akajibu, akaimimina yote.

Aliondoka alfajiri akiwa amevaa suruali ya suti, koti likining'inia nyuma ya kiti. Njia nzima alikuwa akizikariri hotuba zake kwa sauti. "Wageni wetu, tunaona mmebeba vinywaji. Je, huko kwenu hakuna bilauri, mkaona mje kuazima kwetu?" Alicheka peke yake. Injini ilikuwa kimya kuliko siku zote, naye akaisifu.

Taa nyekundu ya oili iliwaka Columbus, alipokuwa amesimama kwenye taa za Barabara ya Morse. Ilimetameta, ikazimika, ikawaka tena. Alipokanyaga mafuta ikapotea. Alipoachia ikarudi, na chini ya boneti ukaanza mlio wa kugonga ambao hakuwa ameusikia hata katika magari aliyokuwa akiyatibu. Aliingia katika maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika, akazima. Shangazi yake Veridiana, ambaye anaishi katika nyumba za nyuma ya duka lile, alikuwa amekwisha kufika hapo, amekaa juu ya kikapu, kitenge kipya mabegani.

"Mbona unazima?" akauliza. "Mimi nimekwisha kuwaaga majirani."

Alitafutwa Ezéchias, Mkongo wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini, anayefanya kazi kiwandani siku za juma na kutengeneza magari Jumamosi katika maegesho yale yale. Alikuja na jeki, chai mkononi. Aliomba gari liwashwe, akausikiliza mlio mara moja tu, akatoa ishara lizimwe.

"Papa, ulimwaga oili lini?"

"Bado. Nimelitia dawa jana."

"Dawa gani?"

Jovini alimwonyesha chupa tupu. Ezéchias aliitazama, akatazama suruali ya suti, akatazama vikapu vya Veridiana.

"Bon. Ulimupa mutoto dawa ya minyoo, kisha ukamupandisha mu bisi. Donc, sasa ulitaka zitokee wapi?"

Veridiana alicheka mpaka akajifuta macho. Jovini hakucheka. Aliuliza kama kazi ingechukua muda mrefu.

"Inafaa nitoshe sampu yote. Uchafu ulienda kuziba kichujio ya chini, pampu haipate oili ya kuvuta. Ukiendesha hivi, injini inakufa mbele ya kufika Cleveland. Wewe njo utachagua."

Hakukuwa na la kuchagua. Veridiana aliwapigia simu waumini wenzake wote waliokuwa na magari. Mmoja alikuwa zamuni, mwingine usingizini baada ya zamu, wa tatu gari lake ndilo lililokuwa juu ya matofali likimsubiri Ezéchias huyo huyo. Basi la Buffalo la asubuhi lilikuwa limekwisha kuondoka. Jovini alivua shati jeupe, akalala chini ya gari na kushika alichoambiwa ashike. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ilipotoka, ndani yake mlikuwa na mabonge meusi yenye kung'aa, na kichujio cha chini kilikuwa kimezibwa na uchafu kama chujio la chai lililosahauliwa kabatini. Ezéchias alikisugua pole pole. Hakuwa mtu wa haraka. Kila bolti moja aliitolea maelezo, na mara mbili aliacha kazi akaenda kuzungumza na mteja mwingine.

"Ndugu yangu, nina kiti kinachonisubiri," Jovini akasema.

"Kiti haina miguu ya kutembea, papa. Utakikuta."

Simu ya Gaju iliita adhuhuri. Jovini aliishika kwa vidole viwili vyenye grisi.

"Uko wapi?"

"Columbus."

"Bado Columbus?"

"Waambie wasubiri kidogo. Gari linafungwa."

"Baba mdogo, wengine wana zamu usiku. Walikubali kuja saa tisa kwa shida." Kisha akasema kitu kwa Kiingereza na mtu aliyekuwa karibu naye, akakata.

Gari lilipowaka, likiwa na oili mpya na filta mpya, taa haikuwaka tena. Lakini Ezéchias, akiwa amelala chini na tochi, hakuridhika. Uchafu ule mkongwe ulikuwa umeziba pia nyufa za sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zilizochakaa. Sasa ulikuwa umeondoka, na oili ilikuwa inachuruzika kidogo nyuma ya injini. "Ile ilikuwa plasta, wewe umeibandua," akasema. "Kila ukisimama, pima oili. Usipopima, usinipigie."

Basi wakaenda hivyo. Kila walipolipita eneo la mashamba na kukuta kituo cha mafuta, Jovini alisimama, akafungua boneti, akapima. Ziwa lilijitokeza upande wa kushoto na kuandamana nao, naye hakulitazama. Veridiana alikuwa amechoka kumtania.

"Zile hotuba zako," akasema mahali fulani, "nitolee mimi hapa, zisije zikachacha."

"Acha, shangazi."

"Nakuambia kweli. Mimi nitakuwa wageni."

Alikataa. Midomo yake iliendelea kutembea bila sauti.

Walifika Black Rock, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba ya mbao aliyoiacha Aloisi, jua likiwa bado juu ya mto lakini kikao kikiwa kimeiva. Jovini alisimama mlangoni, koti mkononi, shati likiwa na alama nyeusi kiwikoni. Katika kiti cha mbele alikuwa amekaa Rurangwa, aliyekuwa mwanakwaya pamoja na marehemu Aloisi, mtu mwema asiyejua kutania. Alikuwa akisoma kutoka kwenye simu yake. "Tumewapokea. Tunawashukuru kwa kuja kutoka mbali. Tumekubali." Hakuwauliza wageni kama wamepotea. Hakuna aliyetokwa na jasho. Wageni walipiga makofi kwa adabu, na mmoja akaangalia saa.

Rurangwa alimwona Jovini, akainuka nusu. Wazee waliokaa kando wakamshika koti akakaa tena, kwa maana neno la ukoo likishakabidhiwa kwa msemaji halihamishwi katikati ya kikao. Jovini alielewa. Alimtafutia Veridiana kiti, naye akasimama ukutani, nyuma ya vijana, mpaka vinywaji viliposhirikiwa. Hotuba yake yote ilikuwa kinywani, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Wageni wa zamu ya usiku walipoondoka, alitoka nje, akafungua boneti. Gaju alimfuata, akiwa bado na shanga za sherehe shingoni, akakaa kwenye ngazi za mlango.

"Nilikuambia upande basi."

"Uliniambia."

"Rurangwa amewapa jibu kana kwamba anatangaza matangazo ya kanisa."

"Nimemsikia."

"Ulikuwa umepanga kuwaambia nini?"

Jovini alikichomoa kijiti cha kupimia oili. "Ningewauliza kama kwao hakuna bilauri."

Gaju alijaribu kujizuia, kisha pua ikamsaliti, akacheka. Halafu akaligeukia gari, akalitazama. Hakusema kwamba haidhuru, kwa sababu ilidhuru.

"Kesho litawaka?" akauliza hatimaye. "Tunatangazwa kanisani, na gari la Rurangwa halitutoshi sote."

"Litawaka."

"Usilipe dawa."

"Silipi."

Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama. Jovini aliongeza kutoka kwenye chupa aliyopewa na Ezéchias, kidogo, kisha kidogo tena. Akasubiri ishuke. Akakifuta kijiti kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa, akakiinua kuelekea mwanga wa jioni. Ilikuwa imefika kwenye alama. Akakisukuma mahali pake mpaka kikagota, akakaza kifuniko, akafunga boneti.