Nusu ya Ukuta ni ya Kasuku

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa maonyesho bado unanuka rangi mbichi. Dada wa miaka ishirini na sita amesimama juu ya kiti cha plastiki, msumari mdomoni, nyundo mkononi. Anagonga mara tatu, anashuka, anarudi nyuma hatua tano na kuinamisha kichwa. Kisha anapanda tena kuung'oa.

"Umekaa upande," anajisemea.

Karibu naye kuna ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani. Wenzake wanaipanda na kushuka. Yeye haigusi.

Hapa chuoni wanamwita Fundi, kwa kuwa kwa miaka minne amejisomesha kwa kupaka rangi nyumba za watu. Siku moja ya kazi ilimpatia turubai moja ya kuchorea na chakula cha siku tatu. Akinunua turubai mbili, anasema, "chakula kitajijua chenyewe."

Leo ni ufunguzi wa maonyesho ya wanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho. Wako kumi na sita, na kila mmoja amepewa ukuta wake. Kwa wengi wao, hii ni mara ya kwanza kazi zao kutazamwa na watu wasiowajua.

Fundi ametumia nusu tu ya ukuta aliopewa. Kwenye nusu ya pili anatundika picha tano za rafiki yake, aliyefariki miezi minane iliyopita.

Rafiki huyo alijulikana kwa jina la Kasuku, na jina lilimkaa. "Alikuwa anaongea mpaka taa zinazimwa," Fundi anakumbuka. "Nikimwambia nyamaza nilale, ananijibu, 'Wewe lala, kwani naongea na wewe?'"

Walikutana mwaka wa kwanza walipopangiwa chumba kimoja. Fundi alimfundisha mwenzake kushika rola ya kupakia rangi. Kasuku akamfundisha kuchora mikono ya watu, kitu kilichokuwa kimemshinda tangu sekondari. Vibarua vya kupaka rangi walivifanya pamoja: Fundi juu, Kasuku chini, maana Kasuku aliogopa kupanda.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Walikuwa wamebakiza kipande kidogo chini ya paa la jengo la ghorofa moja. Fundi alikuwa na mchoro wa kukabidhi kesho yake, na haujafika hata katikati.

"Nikamwomba aende amalizie peke yake," anasema, akiyatazama madoa ya rangi kwenye kucha zake. "Nikamwambia ni kazi ya saa moja. Akaniangalia, akasema sawa. Hakubisha. Na yeye alikuwa mtu wa kubisha kila kitu."

Ngazi iliteleza kwenye vigae vilivyotoka kupigwa deki. Kasuku alilala hospitali siku mbili bila fahamu. Siku ya tatu akafariki.

Mchoro ule Fundi aliukabidhi, akapata alama nzuri kuliko zote za mwaka huo. Tangu hapo hajachora kitu. Picha zake zote zilizo ukutani leo ni za kabla ya Alhamisi ile.

Mhadhiri wao, mama mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani, anasema jina la Kasuku halikuwamo kwenye orodha ya washiriki. "Orodha inatokana na waliofanya mitihani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fundi akaja ofisini kwangu, nikamkaribisha kiti, akakataa. Akasema, 'Mwalimu, niruhusu nigawe ukuta wangu.' Nikamwambia gawa."

Ilipofika saa nne, wageni wakaanza kuingia. Wengi walisimama mbele ya picha ya tano ya Kasuku. Inaonyesha mwanamume aliyeinamia meza ya useremala, randa mikononi, maranda yamejaa miguuni. Mishipa ya mikono imechorwa mmoja mmoja. Lakini uso haupo. Mahali pake ni turubai tupu.

Kijana mmoja aliwaeleza wenzake kwamba uso ule mtupu ni fikra nzito kuhusu wafanyakazi wasiothaminiwa. Fundi alimwacha aendelee.

Mwanamume wa kwenye picha aliingia saa tano. Ni baba yake Kasuku, seremala, mzee mwembamba aliyevaa koti lenye mikunjo ya kukaa sandukuni. Alikuwa amesafiri kwa basi muda wa saa tisa baada ya Fundi kumpigia simu kumwalika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuzitazama picha kwanza. Alipitisha kidole kwenye kona za fremu, moja baada ya nyingine.

"Hizi nani kaziunga?"

"Mimi, baba."

"Gundi umemwaga nyingi mno." Akaibonyeza kona ya mwisho kwa dole gumba. "Lakini zimeshika."

Akafika kwenye picha ya tano. Alisimama hapo muda mrefu, na watu waliokuwa nyuma yake wakasogea wenyewe.

"Mbona sina uso?"

"Mikono aliichora kwa kukumbuka," Fundi akamjibu. "Uso alisema hawezi kuubahatisha. Alikuwa anangoja likizo aje akukalishe kitini."

Mzee akatikisa kichwa. "Alishawahi kuniomba nikae. Nikamwambia nina milango ya watu, sina nafasi ya mchezo." Akatoa leso, akaishika tu. "Mimi nilitaka awe muuguzi. Hata siku moja sikumuuliza anachora nini."

Hapo ndipo Fundi alipomwambia. Habari ile hakuwahi kuisema msibani, wala kwa mhadhiri, wala kwa mama yake mzazi. Alimwambia kwamba zamu ya juu ilikuwa yake, kwamba Kasuku alipanda kwa sababu yeye alimwomba, na kwamba alimwomba kwa ajili ya mchoro.

"Nilitegemea anifukuze mbele za watu," anasema. "Nilikuwa nimejiandaa kabisa."

Mzee hakumfukuza. Alitafuta pa kukaa, akakalia kile kiti cha plastiki.

"Alinipigia simu asubuhi ile," alisema. "Akaniambia, baba, leo napanda juu, naogopa. Mimi nikacheka. Nikamwambia kazi haina kuogopa, panda. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Mama yake sijamwambia mpaka leo."

Wakakaa hapo, yeye kitini na Fundi sakafuni kando yake. Wageni waliowapita walidhani ni baba na binti yake wamechoka.

"Siwezi kukwambia hukukosea," mzee alisema baadaye. "Hata mwenyewe siwezi kujiambia hivyo. Lakini mzigo huu usiubebe peke yako, tuko wawili."

Mchana, mwanamke mmoja mwenye duka la samani aliuliza bei ya picha isiyo na uso. Fundi alimgeukia mzee.

"Haiuzwi, mama," mzee alijibu kwa upole. "Ni ya nyumbani."

Fundi alijitolea kuumalizia uso ule, kwa kuwa mwenye uso yuko hapo mbele yake. Mzee akakataa. Alisema mkono wa mwanawe uliishia hapo, basi na picha iishie hapo. Akaomba kitu kingine: Fundi amchore Kasuku. Nyumbani wana picha yake moja tu, ya kitambulisho cha shule, na imefifia.

Maonyesho yatafungwa baada ya wiki mbili. Siku ya pili yake, Fundi atapanda basi pamoja na zile picha tano kwenda karakana ya mzee. Atakaa huko mwezi mzima. Wazazi watamsimulia, yeye atachora. Turubai ameshainunua, ya kimo cha mlango.

Wenzake wamemshauri apumzike kwanza, asubiri mahafali yapite. Amekataa.

"Sauti yake ninayo yote, hata akikohoa naikumbuka," anasema. "Sura ndiyo imeanza kunitoka. Juzi nilikaa nikijiuliza nyusi zake zilikuwaje, sikupata. Ndiyo maana nataka niende mapema."