Kuwasha Seriveri kwa Wamama wa Depo

Kuwasha seriveri, mashine inayogawa ukurasa kwa simu za watu, ni kazi ya sentensi moja. Unafungua dirisha jeusi kwenye ordinatere, yaani kompyuta, unaandika jina la lugha, jina la faili, halafu sifuri nne zenye nukta katikati, unabonyeza. Zile sifuri ndizo zinazoiambia mashine imsikilize kila mtu anayebisha. Ukizisahau inajisikiliza yenyewe tu, na wewe unakaa mbele yake kama mjinga unasema inafanya kazi, kumbe inakufanyia kazi peke yako. Mimi nilikaa hivyo siku nyingi. Hakukuwa na mtu hata mmoja mtaani kwetu wa kumuuliza.

Na dirisha lenyewe halina maneno. Linaandika kwamba liko tayari, basi, linanyamaza. Anayepita anadhani limekwama. Halijakwama, linangoja watu. Kila simu inayofungua ukurasa inaangusha mstari mpya pale. Lakini ukilifunga, au ukishusha tu kifuniko cha mashine, kila kitu kimekufa.

Mashine aliniachia baba wa mtoto wangu. Alienda Kabambare kuchimba dhahabu, akasema atarudi mtoto akianza kutambaa. Mtoto sasa anakimbia. Kwanza alikuwa anapiga simu, halafu akawa anabipu, halafu hata kubipu kukaisha. Watu wananiambia nivumilie. Nivumilie nini? Shuleni nilisoma informatiki kwa klavye ya vitufe iliyochorwa ubaoni kwa chaki, maana kuran, yaani umeme, haikuwako; tulikuwa tunagonga dawati kwa vidole na mwalimu anapita kutuangalia. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilikuwa na hasira, na hasira inasomesha vizuri kuliko mwalimu yule.

Nilitengeneza ukurasa wa treni. Reli inaishia hapa Kindu, na treni inayotoka kusini inaweza kulala Kibombo mpaka watu wasahau kwamba ilianza safari. Wamama wenye chumvi, unga na sabuni ndani ya vagoni walikuwa wanaenda stesheni kila asubuhi kuuliza, wanarudi bila jibu. Mimi nilikuwa napigia simu wauza chakula wa kila kituo. Wale hawadanganyi, treni ikifika wanauza. Niliyoyasikia niliyaandika kwenye ukurasa, na kisanduku cha wifi juu ya bati letu kiliyafikisha mpaka depo ya wamama, ghala lao nyuma ya nyumba yetu, bila mtu kununua mega za intaneti.

Mkubwa wao, Mama Prezida, aliniambia: "Kuja siku ya mukutano. Tukiona kwa macho yetu, kazi ni yako. Tusipoona, utuache na miguu yetu."

Niliitaka kazi ile ya kuwapa habari za treni. Nilitaka sababu ya kutoka nyumbani asubuhi, na watu wa kuniuliza kitu kingine kuliko "baba ya mutoto anasema nini?"

Siku ya mkutano niliwasha, nikakagua sifuri zangu, nikamwambia mama yangu: "Mama, usiguse. Hata ukiona kama imelala, haijalala."

"Nimesikia."

Nikaenda depo, simu zikafunguka. "Eh! Treni iko Kibombo!" "Na vagoni ya chumvi yangu njo hii?" Mmoja wao, muuza sabuni, akapaza sauti: "Mama Ordinatere, na bwana yako iko kituo gani? Tuangalie humo!" Walicheka wote. Mimi pia nilionyesha meno.

Ndipo kitu kikapasuka nje, mlio mmoja mkubwa. Tulikuwa chini wote kabla mtu hajawaza. Mama Prezida na mwili wake wote aliingia chini ya mizani. Mimi nilijikuta na vumbi mdomoni na mikono juu ya kichwa. Shofere wa lori akaingia anacheka: "Ni tairi, wamama! Tairi imepasuka!"

Wakainuka wanakung'uta vitenge, wanacheka kwa nguvu kuliko ilivyofaa. Wakarudi kwenye simu. Duara likazunguka, likazunguka, halafu ukurasa mweupe.

"Treni imepotea!"

"Imesikia mlio, imekimbia!" alisema yule wa sabuni.

Nilikimbia mimi. Mezani hapakuwa na kitu. Mama yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya mgongo wa mtoto aliyelala.

"Mama, mashine iko wapi?"

"Sema polepole."

"Iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Chini ya godoro. Chini ya mtoto.

"Hakuna muntu anaamusha mutoto mwenye kulala," alisema. "Hata wale walikuwa wanapita."

Nilijua. Mwaka ule mji ulipozungukwa na hakuna aliyeweza kuvuka mto kwenda shambani, aliweka kichwa cha cherehani chake chini yangu. Nilikuwa darasa la kwanza. Nakumbuka chuma mbavuni, na sauti yake ikiniambia lala, mchana kweupe, na viatu vya watu wenye bunduki vinaingia. Sikulala. Nilifumba macho tu. Walichukua radio na sufuria, wakaniangalia, wakatoka. Cherehani kile ndicho kilichotulisha baadaye. Najua. Lakini siku ile ya seriveri sikutaka kujua.

"Mama, ilikuwa tairi!"

"Siku ile pia walisema tairi."

Nikampigia kelele. Nilimwambia vita vimeisha, vimebaki ndani ya kichwa chake tu, na ameniulia kitu kimoja nilichokuwa nacho. Mtoto akaamka analia. Nikaitoa mashine, ya moto kama mkate, nikaandika sentensi yangu upya kwa mkono mmoja, mtoto akipiga mateke kwenye mkono wa pili.

Niliporudi depo wamama walikwisha kutawanyika. Alibaki Mama Prezida, juu ya gunia.

"Imekuwa nini?"

"Mama yangu ameificha. Chini ya mutoto."

Hakucheka. Akaangalia chini ya mizani. "Mimi pia ningeificha," alisema. Akafungua simu yake, akaona Kibombo pale pale, akaifunga. "Kazi ni yako. Lakini mashine itakaa hapa depo, na wewe nayo. Kwa mama yako haitapona."

Ningefurahi. Lakini alisema "kwa mama yako" kama mtu anayetaja nyumba yenye ugonjwa, na yeye bado alikuwa na vumbi la sakafu shavuni.

Asubuhi nilipoichukua mashine, mama alimfunga mtoto mgongoni bila kuniangalia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na wakikuja, kule depo utaiweka chini ya nani?" Nikasema nimechelewa.

Sasa nakaa depo, kati ya magunia ya chumvi na ukuta. Wamama wako sokoni kwenye meza zao, na wifi inawafikia hukohuko. Hawaji. Waje kufanya nini? Treni iko mkononi mwao. Zamani walikuwa wanakutana stesheni kila asubuhi, wanatukana reli pamoja, wanagawana mihogo. Nimewaondolea hata hiyo, na mimi mwenyewe nimekosa pa kwenda kukaa nao. Dirisha jeusi linaangusha mstari: saa, namba, hakuna jina. Mtu ameingia kwenye ukurasa, ameangalia, ametoka, bila hodi. Na kila mstari ukianguka nainua macho, naangalia mlango.