Mguu wa Baba kwenye Breki

Gari la kwanza la baba lilikuwa na kila kitu isipokuwa breki ya mkono. Enzi hizo za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, mwenye kahawa nzuri pale Matiri aliweza kununua gari lake mwenyewe, na baba alilipata kwenye mnada: kuukuu, mabenchi mawili nyuma, turubai juu. Gia ya kwanza ilikuwa inachomoka ikijisikia. Kuwaka, mpaka lisukumwe. Mama alilichukia tangu siku lilipoingia uani, na mimi nilimuunga mkono. Kwenye kila mlima yeye ndiye aliyeshuka na kutembea nyuma yake na gogo begani, ili likisimama aliweke nyuma ya gurudumu. Baba kwenye usukani, kifua mbele. Mke wake nyuma, matope hadi magotini. Nikikumbuka hadi leo nakasirika.

Lakini siku niliyoshikwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, huko Kihagara nilikoolewa, hakukuwa na gari jingine. Mume wangu alikuwa ziwani, anavua. Wazazi wangu walikuwa wameshuka kuja kunisubiri, maana mkunga wa zahanati alishasema mtoto ametanguliza miguu, nisithubutu kuzalia pale, niende hospitali Mbinga.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Katikati ya mlima wa kupandia Mbinga, kwenye kona ambayo ukitazama chini unaona vilele vya miti tu, injini ilizima. Mama akatupa gogo nyuma ya gurudumu. Gogo likateleza kwenye tope kama sabuni, gari likarudi nyuma, baba akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, likasimama.

Hapo hapo nikapiga kelele. Mama akapanda nyuma, akanitazama, akasema, "Hatufiki Mbinga."

Kwetu baba hakai karibu na binti yake anayejifungua. Hata ukuta wa nyumba hiyo haegemei. Baba alishika kitasa cha mlango, akataka kushuka.

"Ukitoa mguu unatuua," mama alisema. "Kaa hapo hapo. Na usigeuke."

Hakugeuka. Alivua kofia yake akafunika kioo cha kutazamia nyuma. Nilikiona kisogo chake tu, na shingo iliyokuwa inatoka jasho kwenye baridi ile. Niliona haya mpaka haya ikazidi maumivu, nikajiziba mdomo kwa kanga. Breki ilikuwa inazama polepole. Gari lilijongea nyuma kidogo, baba akaipiga pedali tena haraka, likatulia, likajongea tena. Mama hakuwa mkunga. Alikuwa anasali kwa Kimatengo, akinitukana katikati ya sala ili nisukume.

Mtoto alitoka miguu, kisha mwili, kisha kichwa kikakawia. Kilipotoka, hakulia.

"Mbona kimya?" baba aliuliza, akitazama mbele.

Mama akamgeuza mtoto. Nilisikia kofi, kisha jingine.

"Mama, mbona kimya?" Sauti ya baba sikuitambua.

Ndipo mtoto akalia.

Hata hapo baba hakugeuka. Watu waliokuwa wanatoka mashambani walisikia kilio wakaja, wakapanga mawe makubwa nyuma ya magurudumu yote. "Shikamoo mzee, shuka sasa," walimwambia. Hakuweza. Ilibidi waushike mguu wake kwa mikono yao na kuutoa kwenye pedali. Akaenda kukaa barabarani kwenye mvua, ametugeuzia mgongo, analia. Tangu siku hiyo sikulichukia tena lile gari, ingawa mama aliendelea.

Mtoto yule sasa ana gari lake mwenyewe, zuri, lenye breki zote. Tukipanda mlima ule babu yake hukaa kiti cha mbele, na mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu tangu chini hadi juu.

"Babu, breki ziko huku kwangu," mwanangu humwambia.

"Najua," hujibu, na mguu hautoi.