Insha Niliyomwandikia Ndunge

Nakumbuka Jumamosi moja ya mapumziko ya katikati ya muhula, mwanangu, nimeketi juu ya debe jikoni kwetu karibu na Kanyangi, nikimsomea mama insha niliyodhani itatikisa lokesheni nzima. Nilikuwa kidato cha tatu, bwenini. Miaka ile ya sabini chifu alikuwa ametoa amri kwamba kila boma litoe mtu mmoja kwenda kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Asiyekwenda alichukuliwa kuku. Matuta yalikuwa mazuri, sikatai. Lakini kurusha udongo upande wa juu ni kazi ya kuvunja watu, na kwetu hapakuwa na mtu wa kwenda ila mama. Baba alikuwa amefariki, na mgongo wa mama ulikuwa mbovu.

Mwalimu wetu alitupa swali: je, ni haki watu walazimishwe kuchimba? Insha bora ingesomwa barazani, na chifu alikuwa ameahidi kuisikiliza kabla ya kupanga kazi ya msimu uliofuata. Mwalimu alitufundisha kupanga kwanza. Ujue unayetaka kumgeuza ni nani, anaogopa nini, na atakujibu nini ukimaliza. Hapo ndipo uchague hoja zako, na ile yenye nguvu uiweke mwisho.

Mpango wangu mimi ulikuwa Ndunge.

Ndunge alikuwa binti wa jirani. Tulisoma pamoja tangu shule ya msingi, na tangu shule ya msingi alinishinda. Mama yangu mwenyewe alimsifu mbele yangu: tazama mwandiko wa Ndunge, tazama anavyosalimia watu kanisani. Kila sifa iliniingia kama mwiba wa mgunga. Hasidi hana sababu, walisema wahenga, lakini mimi zangu nilikuwa nazo, nikizihesabu kila nikilala. Niliposikia kwamba anatetea matuta, nikaamua kuyapinga. Angetetea kuku, ningepinga kuku. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ya kumjibu yeye, ya pili vilevile, na ya tatu ilikuwa kejeli kwa wanaojipendekeza kwa wakubwa.

Nilipomaliza kusoma, mama aliendelea kupepeta ndengu. Akauliza kama siku hizi Ndunge ndiye chifu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kioko, Ndunge nimemsikia toka mwanzo mpaka mwisho. Mgongo wangu sijausikia."

"Si ni insha tu, mama."

"Kwako ni insha. Mimi Jumanne naenda kuchimba."

Nilikuwa na Jumapili nzima ya kuandika upya. Sikuandika. Niliona nikibadilisha neno moja nitakuwa nimekubali kwamba hata mama yuko upande wa Ndunge.

Chanda chema huvikwa pete. Insha ya Ndunge ndiyo iliyosomwa. Nilisimama nyuma nikiomba akwame. Hakukwama. Kwanza alimwambia chifu kwamba matuta yameokoa mashamba, naye chifu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza kuhusu boma la mjane na la mgonjwa. Katika mwethya, kazi yetu ya pamoja, mjane hatozwi kuku. Wenzake humlimia, naye huwapikia uji akiweza. Mbona matuta yawe tofauti? Chifu alinong'onezana na wazee, akasema kuanzia msimu huo itakuwa hivyo.

Mama akapumzika kwa maneno ya Ndunge. Akampelekea kibuyu cha maziwa ya mgando, na mimi ndiye niliyetumwa. Ndunge alikipokea kwa adabu, hata hakunitania. Afadhali angenitania.

Nimetangatanga sana tangu hapo, mara mji wa Kiboko, mara Kalamba, kazi hii na ile, na bado nikipita penye matuta yaliyoota nyasi roho hunichoma. Ile hoja ilikuwa yangu. Ilikuwa ikilala nyumbani kwetu, ikiguna kila ikijigeuza kitandani, na aliyeisikia ni mtu wa ng'ambo ya ua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa swali linalowahusu watu wote, kabla ya neno la kwanza mtafute yule atakayelemewa na jibu, kisha mtafute yule mwenye uwezo wa kuamua. Insha yako itembee kati ya hao wawili. Unayeshindana naye hayumo safarini. Wivu utakuja tu, hata mimi bado hunijia. Uambie usubiri nje mpaka umalize kuandika. Mungu akupe sikio jepesi kwa watu wa nyumbani mwako, na mvua ya vuli ikukute umeshapanda.