Nguo za Kupunguza

Mama mdogo ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna breki. Mteja akisimama apimwe, anaulizwa mbele za watu, "Mwenzangu, kiuno umekiacha wapi?" Wanacheka, maana anashona vizuri, na yeye mwenyewe ni bonge, mlangoni anapita kiubavu.

Katika kupima watu alijitungia elimu yake. Walioleta nguo zipunguzwe, aliwazika. Walioleta zitanuliwe, bado wanakula. "Daktari ana vitabu, mimi nina tepu," alisema. "Wembamba unaua." Hakujiuliza hata siku moja kipi kilitangulia. Mtu huanza kuugua, ndipo nguo zinapompwaya. Yeye alishika mkia akauita kichwa.

Ungebaki utani wa dukani, kama mama yangu asingeugua kisukari. Mama alimsikiliza mdogo wake kuliko muuguzi. Muuguzi alimwambia aache soda, apunguze mkate, ameze dawa bila kuruka, na uzito ushuke taratibu. Mama mdogo akaangua kicheko.

"Dada, wanataka ukauke! Hivyo vidonge ndivyo vinavyokumaliza. Viache."

Akaviacha. Kila jioni mama mdogo akaja na chupa ya chai tamu na mkate uliojaa siagi na jamu, akakaa hadi sahani iwe tupu.

Mama akaanza kupungua. Anakula, anakunywa maji kama mchanga, usiku kucha yuko chooni, na bado anapungua. Nilimwambia mama mdogo kwamba ni sukari inamla, hiyo hiyo anayomkorogea.

"Wewe wa kuzaliwa jana," akanijibu, "utanifundisha mimi miili ya watu?"

Mama akampelekea gauni lake la bluu alipunguze. Mama mdogo akamrudishia kama limemchoma. "Sipunguzi nguo ya dada yangu. Utalijaza." Jioni ile aliongeza sukari kwenye chai. Mama akawa anatembea na gauni limebanwa pini mgongoni, na bado anamwamini mdogo wake vile vile. Hadi leo hilo linanichoma kuliko kifo chenyewe.

Hatimaye mama mdogo alilipunguza. Mama alikwisha kuoshwa na kuvishwa, gauni likapwaya, na mama mdogo akapiga magoti akalishona kwa mkono mwilini mwake, machozi yakidondoka kwenye uzi. Watu walimhurumia. Mimi sikumhurumia. Alipokata uzi aliinua uso akawaambia, "Si mnaona? Alipungua, akafa." Nao wakaitikia, "Kweli kabisa."

Katika damu yake nimebaki mimi tu, na nina afya ya punda. Kila nikipata nafasi naenda kwenye mitumba, nachagua sketi iliyonizidi, naivaa, nampelekea.

"Mama mdogo, hii sketi yangu ya siku zote. Nipunguzie."

Angenizungushia tepu mara moja tu angejua sijapungua hata kidogo. Hathubutu. Tepu inaning'inia shingoni, yeye anashika kitambaa kinachobaki kiunoni mwangu. Utani umemkauka mdomoni.

"Unakula lakini, mwanangu?"

"Nakula sana," namjibu. "Hata sijui kwa nini zinanipwaya."