Mbwa Aliyekula Chokoleti

Hata leo harufu ya chokoleti nyeusi hunirudisha siku ile. Naiona tena karatasi iliyotafunwa, na mbwa wetu wa shambani akitapika na kutetemeka.

"Bibi, tumpe maziwa?"

"Msimpe kitu! Chokoleti ni sumu kwa mbwa." Bwana mifugo alikuwa bado kwenye simu. "Mleteni kliniki yangu hapa Mtama sasa hivi, na hiyo karatasi mje nayo."

Bibi hakuwahi kumgusa mbwa yule; akimpita, hukusanya kanga zake zisipate najisi. Siku hiyo alimpakata kwenye bodaboda, mate yakimlowesha kifuani, midomo yake ikisoma dua.

Alipomkabidhi kwa bwana mifugo, aliomba maji na udongo, akaitwaharisha mikono mara saba. Mara mbwa akalia mle ndani. Bibi akaitazama mikono yake safi.

"Haya, nakuja," akamwambia, akarudi kumshika.