Kalenda ya Fuensanta na Siku za Mswidi

Fuensanta anauza samaki wa chumvi katika soko la Águilas, mji wetu wa pwani ya Hispania, kibanda cha tatu ukiingia kwa mlango wa baharini. Ana miaka sitini na miwili, mjane wa siku nyingi, na vidole vyake vinanukia jodari hata Jumapili kanisani. Mimi ni Ginés, fundi baiskeli, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: Mswidi wake simpendi, na sababu ni wivu.

Sigvard alikuja miaka saba iliyopita, mstaafu, mrefu, viatu visafi wakati wote. Alipanga nyumba iliyotazamana na zetu, na haikuchukua muda akawa anakula kwa Fuensanta. Lakini kila mwaka alikuwa anafika siku ya Watakatifu Wote, tarehe moja Novemba, na Aprili ikiisha anafunga nyumba na kuondoka. Fuensanta alinieleza kwa nini, ingawa sikumuuliza. Mgeni akizidisha siku mia moja themanini na tatu Hispania katika mwaka mmoja, ofisi ya kodi inamhesabu kuwa mkazi, na pensheni yote anayopata kwao inaingia kwenye hesabu za hapa. Siku moja tu ikizidi, unalipia kodi ya mwaka mzima.

“Kwa hiyo anakupenda kwa kipimo,” nikamwambia.

“Wewe Ginés, na huo ulimi! Mtu analinda pensheni yake.”

“Na huko kwao analinda nini?”

“Kafunge minyororo yako huko!”

Nilikuwa nimemgusa penyewe. Ukutani jikoni alikuwa na kalenda ya buchani, na kila asubuhi pazia la mbao la Sigvard lilipopanda, alichora duara jekundu kwenye tarehe. Zikaisha kalenda saba namna hiyo. Kuanzia Mei hakukuwa na duara, na hapo ndipo roho ilipomchafuka. Akimpigia simu anasikiliza nyuma ya sauti: hicho kijiko ni cha nani, nani amefunga mlango. Alikuwa akiionea wivu Uswidi nzima.

Lililomuuma zaidi lilikuwa tarehe tisa Septemba, siku ya mtakatifu wa jina lake. Anapika wali wa supu ya samaki, anaandaa sahani ya Sigvard, kisha simu inalia: “Siku zangu ni chache, mpenzi, nikija sasa nitazidisha.” Alikuwa anamwomba siku hiyo moja tu. Miaka saba haikupatikana. Sahani ile nilikuwa nikiila mimi.

Februari hii Sigvard akapata barua ya kodi kuhusu mwaka juzi. Akamwambia Fuensanta wamekosea kuhesabu, anahitaji shahidi. Fuensanta alivaa hereni alizovalia harusi ya dada yake, akatia kalenda kwenye begi, akanitaka nimsindikize. Nikafunga karakana mchana kweupe.

Bwana Eleuterio, anayewashughulikia watu karatasi za serikali, alitukaribisha viti, mimi, Fuensanta na Sigvard.

“Wanasema alikaa siku mia mbili ishirini na mbili,” akasema.

“Uongo!” Fuensanta akaitandaza kalenda ya mwaka juzi mezani. “Hesabu mwenyewe, bwana. Mia moja themanini na moja. Hakuna hata ya kuazima.”

Eleuterio akahesabu kwa ncha ya kalamu, mwezi baada ya mwezi. “Ni kweli, mama. Na wao wanasema hivyohivyo kuhusu Águilas. Zilizobaki ni zile arobaini na moja alizokaa Dénia, nayo ni Hispania hiihii.”

“Dénia ipi?”

Sigvard akatazama viatu vyake. Alikuwa amempelekea Eleuterio ukurasa wa kwanza tu wa barua. Wa pili Eleuterio aliutoa mwenyewe kwenye kompyuta, na masikini hakujua anasoma mbele ya nani.

“Kuna umeme wa nyumba aliyopanga huko, na kadi yake ya benki. Tarehe moja Agosti mpaka kumi Septemba. Hapa tarehe tisa Septemba, mkahawani, chakula cha watu wawili.”

Fuensanta hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

“Bwana Eleuterio, siku moja ikizidi ni mwaka mzima?”

“Ndivyo sheria ilivyo.”

“Na huyu alikuwa anajua?”

“Nimemweleza mara tatu, kwenye kiti hichohicho.”

Akamgeukia Sigvard. “Miaka saba nakuomba siku moja. Moja! Unaniambia ni ghali. Huyo wa Dénia umempa arobaini na moja.”

“Fuen, nilidhani hawatajua.”

“Nani? Wao au mimi?”

Sitadanganya, moyo wangu ulicheza kwa furaha. Ni aibu, lakini ulicheza.

Nje alitembea mbiombio kuelekea sokoni, nami nyuma yake. “Ana umri gani? Anajua kupika huyo? Mwaka mzima wa kodi, Ginés! Kwangu alikuwa anahesabu mpaka saa, kwake akasahau kuhesabu.” Nikaona kwamba hakuwa akimlilia Sigvard. Alikuwa anamwonea wivu yule mwanamke kwa kuwa Sigvard alikubali kugharimika kwa ajili yake.

Kwenye kona ya soko nikajikaza. Nikamwambia: “Fuensanta, mimi niko hapa siku zote mia tatu sitini na tano. Kodi zangu zote nalipa hapahapa. Tarehe tisa ni mimi ninayekaa mezani kwako. Mbona mimi hujanichorea duara hata moja?”

Akasimama. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

“Wewe?” akasema. “Wewe si upo tu.”

Akanipa begi la kalenda nimbebee, akaniuliza kama kuna basi linalokwenda moja kwa moja Dénia.